Siku tulipomshinda kiongozi wetu kule Bournemouth

Septemba 2023, ndani ya ukumbi wa Bournemouth International Centre, mimi na mamia ya wanachama wenzangu tuliinua mikono tukamshinda kiongozi wa chama chetu, Liberal Democrats cha Uingereza. Sir Ed Davey hakufukuzwa, na sikumsikia mtu hata mmoja akitaka afukuzwe. Kesho yake tulimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Ila sera ya nyumba aliyoitaka yeye haikupita, ikapita tuliyoitaka sisi. Nikiwasimulia watu naona wananitazama kwa jicho la “endelea tu kutudanganya”, kwa hiyo leo nayaandika yote.

Nianze na mimi ni nani kwenye habari hii. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mji mmoja wa kusini mwa England, zamu za usiku zaidi kuliko za mchana. Naishi nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba hupandisha kodi kila anapokumbuka kwamba nipo. Chama cha Liberal Democrats nilikijua mlangoni. Diwani mmoja alibisha hodi akiomba kura, nikamwambia apite tu, mimi si raia wa hapa. Akaniuliza pasipoti yangu ni ya wapi. Nilipomjibu akacheka: “Mama, wewe kura unayo, tena ya kila uchaguzi.” Na kweli. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, za madiwani hadi za wabunge. Nilikuwa nimekaa miaka bila kuambiwa. Chama nacho hakidai uraia ili kukupa kadi. Basi nikajiunga, nusu kwa shukrani, nusu kwa sababu nilitaka kuona kilichomo ndani.

Dada yangu hajanisamehe bado. “Yaani unaomba likizo, unalipa nauli, unalipa chumba, unakwenda kuwasikiliza wanasiasa? Si wangekulipa wewe?” Swali lake lina uzito kuliko anavyodhani. Zamani kila tawi la chama lilichagua wawakilishi wachache wa kwenda kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Siku hizi mwanachama yeyote aliyejiandikisha na kulipa ada ya mkutano anaingia na kura yake. Kwenye karatasi hakuna demokrasia safi kuliko hiyo. Lakini hesabu gharama za hoteli kwenye mji wa pwani, siku nne, kuanzia Jumamosi hadi Jumanne, halafu jiulize nani ataweza. Nilipotazama huku na huku ukumbini niliona wastaafu wengi, wanafunzi wengi, madiwani, wafanyakazi wa wabunge. Watu wa zamu za usiku tulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Miaka ya korona mkutano ulifanyika mtandaoni, na mtu angeweza kupiga kura akiwa kitandani kwake. Mwaka 2022 ulikuwa ufanyike Brighton, Malkia Elizabeth akafariki siku chache kabla, ukafutwa. Kwa hiyo huu wa Bournemouth ulikuwa mkutano wa kwanza wa Septemba wa watu kuonana ana kwa ana tangu 2019, na walivyokumbatiana pale mlangoni ungedhani ni ndugu waliotenganishwa na vita.

Treni kutoka Waterloo inachukua kama saa mbili. Ukumbi wenyewe uko juu ya jabali la pwani, bahari iko chini yake, na wenzangu walikuwa wakitoka kwenye mjadala wa bajeti wanavua viatu na kwenda kukanyaga mchanga. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege: mkoba kwenye mashine, mifuko ya koti itoke yote, chupa ya maji ifunguliwe. Ukishapita unavishwa pasi yenye picha yako shingoni. Hiyo pasi ndiyo kila kitu, maana wakati wa kura unainua hiyo.

Ndani kuna mambo mawili yanakwenda pamoja. Kuna ukumbi mkuu, ambako sera zinajadiliwa na kupigiwa kura. Na kuna mikutano ya pembeni, mingi sana, kwenye vyumba vya hoteli za jirani: wauguzi, mashirika ya misaada, watu wa nishati, watu wa mageuzi ya kura, kila mmoja ana chumba chake na msemaji wake na sahani yake ya sandwichi. Siri ambayo hakuna anayekuandikia kwenye kitabu cha ratiba ni kwamba mtu anayeijua vizuri mikutano ya pembeni hanunui chakula cha mchana hata siku moja. Mimi nilijifunza mengi kuhusu mageuzi ya Baraza la Malodi, lile baraza la Bunge lisilochaguliwa kwa kura za wananchi, kwa sababu tu chumba kile kilikuwa na vijisambusa.

Kulikuwa pia na wale wa kofia za bereti za buluu zenye nyota za Ulaya. Wao hawahitaji hoja wala kikao, kofia inasema yote. Nilikaa na mmoja nikinywa kahawa, akanieleza kwa uchungu kwamba viongozi wanaogopa hata kulitamka neno Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kwa sababu wanatafuta viti ambavyo wapiga kura wake waliichagua. Nadhani alikuwa na haki ya kununa. Pia nadhani viongozi walikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mjini humohumo: Septemba 2019, Bournemouth, mkutano mkuu ulipitisha kwamba chama kikishinda uchaguzi kitafuta Brexit bila kura nyingine ya maoni. Ukumbi ulishangilia. Desemba ikaja, chama kikapata viti 11, na kiongozi wake wa wakati huo, Jo Swinson, akapoteza jimbo lake mwenyewe kwa kura 149. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wanachama hawakosei, namwomba aketi kwanza.

Sasa niwaeleze mjadala unavyokwenda, maana hapa ndipo penye utamu. Hoja inaletwa na tawi au kundi la wanachama au kamati ya sera, inapita kwenye kamati inayoandaa mkutano, ikikubaliwa inachapishwa kwenye kitabu na kila mstari una namba yake. Namba za mistari si urembo. Mtu anayetaka kubadilisha kitu anaandika: futa mstari huu hadi huu, weka maneno haya. Nilikuwa nimezoea siasa za “tumesikia na tutalifanyia kazi”, na hapa nakuta watu wanabishana nusu saa kuhusu mstari wa kumi na nne. Ukitaka kusema unajaza fomu, unaeleza uko upande gani na una nini cha kuongeza, mwenyekiti wa kikao anachagua. Ukiitwa, unapanda jukwaani, unapewa dakika tatu, na mbele yako kuna taa. Ikiwaka nyekundu unamaliza. Lodi anamaliza, mbunge anamaliza, kijana wa chuo kikuu anayetetemeka karatasi mkononi anamaliza. Nilimwona bwana mmoja mwenye cheo kizito akikatwa katikati ya sentensi nzuri kweli, akashuka bila kinyongo.

Mjadala wa nyumba ulikuwa Jumatatu. Hoja ilihusu tatizo la makazi, na ndani yake mlikuwa na mengi ambayo hakuna aliyeyapinga: nyumba 150,000 za kijamii, yaani za kupanga kwa kodi nafuu, kila mwaka, ulinzi zaidi kwa wapangaji. Mgogoro ulikuwa kwenye tarakimu moja. Sera ya chama ilikuwa na lengo la kitaifa la nyumba mpya 380,000 kwa mwaka. Viongozi walitaka lengo hilo liondoke, kila eneo lipange lake. Vijana wa chama, Young Liberals, walileta marekebisho ya kulirudisha.

Usifikiri viongozi walikuwa watu wabaya waliowachukia wapangaji. Hoja yao ilikuwa na akili. Walisema lengo linaloshushwa kutoka London linawapa makampuni ya ujenzi kisingizio cha kumwaga majumba ya bei mbaya mashambani, bila shule, bila zahanati, bila basi, halafu anayelaumiwa ni diwani wa pale. Na chini ya hoja hiyo kulikuwa na hesabu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mstari wowote. Chama kilikuwa kikiwinda majimbo ya kusini yaliyokuwa ya Conservative, chama kilichotawala wakati huo, tangu enzi, yale wanayoyaita Ukuta wa Buluu. Mwaka 2021 tulichukua Chesham and Amersham kwenye uchaguzi mdogo, na hasira za watu juu ya ujenzi na mipango miji zilitusaidia sana. Nani anataka kwenda kubisha hodi kule akiwa na kipeperushi chenye tarakimu 380,000?

Tim Farron, aliyekuwa kiongozi wa chama kuanzia 2015 hadi 2017, alipanda kupinga marekebisho ya vijana. Ni msemaji hasa, huyu bwana, sauti inafika hadi kwa wauza kahawa. Kule kwake Cumbria, tatizo ni nyumba kununuliwa na watu wa mbali kwa ajili ya likizo, wenyeji wakabaki bila pa kulala. Ukijenga nyingine nazo zinanunuliwa vilevile. Hilo nililielewa. Lakini akavuka mpaka, akayafananisha marekebisho yale na siasa za Thatcher, yule waziri mkuu wa zamani wa Conservative. Ukumbi ukavuma. Kumwambia kijana wa Liberal Democrats, anayelala chumba cha kupanga na wenzake, kwamba yeye ni mtoto wa Thatcher kwa sababu anataka nyumba zijengwe! Naamini ile sentensi moja iliwapa vijana kura nyingi kuliko hotuba zao zote.

Nao hotuba zao zilikuwa nzuri. Hawakulia wala kubembeleza. Walisema jambo moja kwa njia nyingi: kila halmashauri inakubali kwamba nyumba zinahitajika, na kila halmashauri inasema zijengwe kwa jirani. Bila tarakimu ya kitaifa, hakuna wa kuulizwa. Mimi nilikuwa nimejaza fomu ya kuomba kusema. Nilitaka kueleza habari ya wenzangu kazini, watu wanaowaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wenye majumba, ambao wenyewe wanasafiri kwa mabasi mawili kwa sababu hawawezi kupanga karibu na hao wazazi. Sikuitwa. Na sikuumia sana, maana wengi waliojaza hawakuitwa, na binti mmoja aliyeitwa aligusa mambo hayohayo kwa ufupi kuliko ambavyo ningeweza.

Kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mmoja, mwanachama tangu kilipoitwa Liberal Party tu, kabla ya kuungana na Social Democrats mwaka 1988. Alikuwa na penseli, na kitabu chake cha ratiba kilikuwa kimejaa alama kama daftari la mwalimu. Aliniambia kijijini kwake amepigana na wajenzi kwa miaka mingi na hakuona haya. “Ninyi vijana mna haki,” akaniambia, na mimi si kijana kiasi hicho, “lakini hamjaona barabara yetu asubuhi.” Kura ilipoitwa mimi niliinua pasi yangu upande wa kukubali marekebisho. Upande wa kukataa ulipoitwa yeye akainua yake, akanigeukia, akacheka. Mwenyekiti akautazama ukumbi, akatangaza yamepita. Vijana waliruka juu ya viti. Waandishi wa habari waliokuwa wamelala nyuma wakaamka, maana “wanachama wamuasi kiongozi” ni habari, na “sera ya maji taka yapita bila kupingwa” si habari.

Hapa niseme kwa nini jambo hili lilinigusa kiasi hicho. Katika vyama vikubwa viwili vya nchi hii, mkutano mkuu ni jukwaa la kiongozi. Kwa Conservative wanachama hawaamui sera kabisa. Kwa Labour hupigwa kura, lakini kiongozi anaweza kuyaacha maamuzi yale nje ya ilani na maisha yakaendelea. Kwetu, katiba inaupa mkutano mkuu mamlaka ya kuamua sera ya chama. Nimekulia na kuzeeka nikijua kwamba kiongozi akiingia ukumbini kazi ya wajumbe ni kusimama na kushangilia. Kumwona kiongozi amekaa, anasikiliza akishindwa, halafu anatoka kwenda kunywa chai na watu walewale waliomshinda, ilinichukua muda kuimeza.

Usiku huohuo kulikuwa na Glee Club. Sijui niielezeje. Ni usiku wa mwisho, watu wanajazana kwenye chumba cha hoteli, wanapewa vitabu vya nyimbo, wanaimba nyimbo za kujicheka wenyewe: kushindwa kwao, migawanyiko yao, viongozi wao waliopita. Hawajui kuimba, na hilo haliwasumbui. Kuna wimbo mmoja wa kale wa waliberali, wa uchaguzi wa 1910, wa kudai kodi ya ardhi, kutoka siku zile bajeti ya 1909 ya Lloyd George, waziri wa fedha wa waliberali, ilipokataliwa na Malodi. Huo wanausimamia wima. Basi niliwaona watu waliokuwa mchana wakirushiana maneno kuhusu nani ajenge wapi wamesimama bega kwa bega, glasi mkononi, wanaimba kwamba mwenye haki na ardhi ni umma. Farron sikumwona, pengine alikuwepo. Bibi wa penseli alikuwepo. Anajua beti zote.

Jumanne akahutubia Sir Ed. Alifiwa na baba akiwa na miaka minne, na mama yake alikufa kwa saratani yeye akiwa na miaka kumi na mitano, akiwa ndiye anayemuuguza. Nyumbani kwake ana mtoto mwenye ulemavu. Alisema wagonjwa wa saratani wapewe haki ya kisheria ya kuanza matibabu ndani ya miezi miwili tangu wapewe rufaa ya haraka. Wanasiasa wengi wakizungumzia kazi yangu wanaizungumzia kama gharama. Huyu anajua mgonjwa anageuzwaje kitandani. Nililia kidogo, sikatai, na sikuona mgongano wowote kati ya machozi yale na kura yangu ya jana yake.

Je, kura ile ilifanya kazi? Ilani ya chama ya 2024 ninayo. Imeandikwa humo: nyumba mpya 380,000 kwa mwaka, zikiwemo 150,000 za kijamii. Julai mwaka huo tulipata wabunge 72, wengi wakitoka kwenye majimbo yaleyale ya Ukuta wa Buluu ambayo tuliambiwa tarakimu ile ingetuua. Wapo wanaosema hiyo inathibitisha vijana walikuwa sahihi. Mimi siendi mbali hivyo. Watu walikuwa wamechoshwa na Conservative, na sidhani hata mmoja wa majirani zangu alifungua ukurasa wa nyumba. Serikali wakaunda Labour, kwa hiyo tarakimu yetu haijajenga hata choo.

Linalonikera liko karibu zaidi. Miezi michache baada ya Bournemouth nilipewa fungu la vipeperushi vya tawi letu nivigawe mtaani. Cha juu kilikuwa na picha ya madiwani wetu wamesimama mbele ya shamba, mikono kifuani, chini yake maneno makubwa ya kupinga nyumba zilizopangwa kujengwa pale. Nikampigia simu mwenyekiti wa tawi, mtu muungwana sana. Nikamuuliza, hizi si sehemu ya zile 380,000? Akanijibu kwamba shamba lile hufurika maji, barabara ni nyembamba, na mjenzi hajaahidi hata nyumba moja ya kijamii. Yote matatu ni kweli, nimekwenda kuangalia. Nikamuuliza basi wapi. Akasema ni swali zuri, tuliweke kwenye ajenda.

Limewekwa kwenye ajenda mara kadhaa. Nimejifunza kutoka kwa watu wa Bournemouth, kwa hiyo kikao kilichopita nilileta hoja ya maandishi, kila mstari na namba yake: kwamba tawi lisitoe kipeperushi cha kupinga eneo lolote bila kutaja ndani yake eneo jingine ambalo tunaliunga mkono. Madiwani wawili waliipinga kwa nguvu. Mmoja akaomba mstari wa tatu ufutwe, na bila mstari wa tatu hoja haina meno. Muda ukaisha kabla ya kura. Tunaiendeleza Alhamisi ya pili ya mwezi ujao, na nimeshabadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo.